Laptop Aliyoitaka Nassor

Mume wangu Seif alikuwa miongoni mwa wanaume waliomwosha kaka yangu Nassor. Waliporudi makaburini, wageni wa mwanzo wakiwa wameshakunywa kahawa yao na kuondoka, aliniita kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu ya Ibra, akasimama mbele yangu akizungusha tasbihi bila ya kuisoma. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Asya, yale makovu ya mapajani aliyapata wapi? Mkono wangu ulipita juu yake. Yamekaa kama mtu aliyepigwa pasi, mguu huu na mguu huu, yamelingana." Walimwosha chini ya shuka kama inavyopasa, na mwoshaji hatakiwi kusema alichokiona, Seif analijua hilo kuliko mimi. Lakini mimi ni dada wa marehemu, na mkono ukishahisi kitu hauwezi kujifanya haukuhisi. Nimekaa na Seif miaka mingi, amecheka na Nassor na kula naye, wala hakupata kuyaona mapaja yale, kwa sababu mama yetu hakumruhusu mtu kuyaona. Nikamjibu, "Laptop." Akanitazama kwa huruma, akadhani msiba umenichanganya, akaniambia nikakae nipumzike. Nilikaa. Kupumzika ni jambo jingine, na ndiyo maana nauandika mwaka ule wa laptop, maana waliokuwepo wamebaki wachache na hakuna anayependa kuutaja.

Ulikuwa mwaka uliofuata kile kimbunga kilichoipiga Sur. Nassor alikuwa akifanya kazi Ras al Jinz, kuwaongoza watalii kwenda kuwatazama kasa wakitaga, kazi ya kukesha. Asubuhi moja alipokuwa anarudi nyumbani akiendesha gari lake, keshafika Al Qabil na kwetu hakujabaki mbali, ngamia alikatiza barabara. Huku kwetu ukishasema ngamia na barabara huna haja ya kuendelea. Hospitali ya Muscat walituregeshea mtu mzima kuanzia kifuani kwenda juu. Mikono ilikuwa yake, akili yake, na ule ulimi wake wa kejeli ulikuwa wake pia. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa hahisi kitu. Miguu yake alikuwa akiiita "wageni wa Mama," kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa akiiosha, akiipaka mafuta na kuigeuza upande huu na upande huu kama inavyogeuzwa maiti. Baba alikuwa ameshatangulia zamani. Kwa hiyo neno la mwisho nyumbani lilikuwa la Ami Khalfan, ndugu yake Baba, mtu wa wizarani, mwenye mapenzi makubwa na masikio madogo.

Walimlaza sablani. Sabla ni chumba cha wanaume cha kupokelea wageni, chenye mlango wake wa nje, na kwetu kilikuwa kikubwa kuliko vyumba vyote: zulia jekundu ukuta kwa ukuta, mito ya kuegemea imepangwa kandokando, basi. Sisi tunakaa chini, tunakula chini, sinia ya kahawa inawekwa chini. Kitanda cha Nassor chenye mgongo wa kuinuka kilikuwa ndicho kitu pekee mle chenye miguu, na kilionekana kama kimeingia nyumba isiyokuwa yake. Kumtazama mgonjwa ni thawabu, na watu wa Ibra hawaiachii thawabu ikapita mlangoni. Kila siku baada ya Alasiri walikuja, wazee kwa vijana, wakakaa wakiegemea mito, wakala tende na halwa, wakamzungumza mbele ya uso wake. "La hawla, kijana mdogo hivi." "Alikuwa aoe mwaka huu, ee?" "Alhamdulillahi hakuoa, mtoto wa watu angelifanywaje?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani na trei ya vikombe, nasikia kila neno. Kabla hawajaingia Mama alikuwa akimfunika kuanzia kiunoni kwa blangeti nene la maua mekundu, hata joto la Juni likiwa linachemsha mabomba, kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza kukonda na yeye hakutaka macho ya watu yafike huko. Nassor alijibu kila mgeni "Alhamdulillah" mpaka neno lenyewe likachakaa kinywani mwake.

Halafu akaacha kula. Hakugoma wala hakupiga kelele. Mama alimletea wali wa nazi na mchuzi wa papa, chakula ambacho zamani alikuwa akikifuata jikoni na kukidokoa, akakigusa na kusema ameshiba. Alimletea mkate wa kumimina, akaupa ndege dirishani. Uso wake ukawa unaonesha mifupa. Nilikuwa nasoma chuo Nizwa wakati huo na nyumbani nikirudi mwisho wa wiki, na kila nikirudi nilikuta sehemu ya Nassor imepungua. Daktari alisema mwili hauna tatizo jipya. Mama alikaa pembeni ya kitanda na sahani mkononi na kusema, "Kula, baba. Niambie tu unataka nini, hata kiwe nini nitakileta." Naye Nassor, akiangalia dari, akasema, "Nataka laptop ya kuchezea gemu. Lakini iwe yenye nguvu. Nataka ile gemu ya magari, ya kuendesha milimani." Mama alitoka na sahani yake akaja kuniambia jikoni, akiwa analia na kucheka pamoja. Magari! Katika vitu vyote vya duniani mwanawe alichagua magari. Lakini alikuwa ametaka kitu, na mtu anayetaka kitu bado yuko.

Ami Khalfan alisema kitu kama hicho hakinunuliwi na wanawake, akaenda Muscat mwenyewe. Akarudi na laptop nyembamba ya rangi ya fedha, nyepesi kama kitabu, ya gharama, ile ambayo wakubwa wa ofisini kwake walikuwa wakiibeba kwapani. Sabla nzima iliisifu. Wageni waliipitisha mkono kwa mkono, mashallah, mashallah, na Ami alikuwa akichanua kwa furaha. Walipoondoka Nassor aliweka gemu yake. Gari lilitokea, likasimama, likaruka hatua, likasimama tena. Barabara ilikatika vipande, na mlima ukabaki rangi tupu bila ya mawe. Alijaribu kupunguza kila kitu kinachopunguzika mpaka gari lenyewe likawa kama boksi la viatu, na bado halikwenda. Akaifunga. Ami alipopiga simu kuuliza, Nassor alimwambia, "Nzuri sana, Ami. Allah akuweke." Kwetu zawadi ya mkubwa hairudishwi, wala haisemwi kwamba haifai, unaishukuru na kuishi nayo. Akaugeuza uso wake ukutani, na wali wa jioni ile ukarudi jikoni kama ulivyokwenda.

Ndipo Mama alipofanya ujanja ambao mpaka leo nikiukumbuka natabasamu, na ni miongoni mwa tabasamu chache mwaka ule ulizoniachia. Alimpigia Ami Khalfan na kumwambia kwamba Nassor halali kwa kufikiri, anasema binti yake Ami anaanza chuo na hana laptop, na yeye aliyelala kitandani anayo, haoni raha. "Anaomba ruhusa yako wewe Ami yake, ampe binti yako. Yeye atatosheka na yoyote, hata iwe kubwa na mbaya." Ami alilia kwenye simu. Akasema hajaona moyo kama huo tangu azaliwe. Siku ya pili alikuja kuichukua, akambusu Nassor kipaji cha uso, na Nassor akamtazama Mama juu ya bega la Ami kwa jicho ambalo sikuliona tangu siku ya ngamia, jicho la utundu. Nilikimbilia jikoni kucheka. Tulikula pamoja siku ile, na Nassor akamaliza samaki.

Safari hii tulitafuta kwa akili. Wiki nzima nilizunguka maduka ya Nizwa baada ya masomo na Nassor yuko sikioni mwangu kwenye simu. "Usiangalie wembamba. Uliza kadi ya picha, iwe mbali peke yake, isiwe ile ya kuchangia na kumbukumbu ya mashine. Uliza prosesa. Uliza feni zake ngapi." Niliuliza. Nilikuwa sijui ninachouliza, lakini niliuliza kwa ukali ili nisidharauliwe. Majibu nikampelekea, naye akayapima kitandani kwake na kuyakataa moja moja: hii ina kioo kizuri na moyo dhaifu, hii ina nguvu lakini itakwama kwenye gemu za mwakani. Alikuwa akisema "mwakani." Mama alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni, na neno lile alilibeba kwenda nalo jikoni kama mtu aliyepewa zawadi. Mwishowe tuliipata, kubwa, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ina matundu ya kutolea hewa chini na ubavuni. Ami Khalfan hakukubali nikainunue peke yangu, akaja Nizwa na kanzu iliyopigwa pasi. Muuzaji, kijana wa Kihindi, aliiweka gemu ya Nassor tuliyokwenda nayo, gari likateremka mlimani kama maji. Tuliiacha iende muda mrefu kwa amri ya Nassor. Nilipoinyanyua ili niione chini nusura niiachie. "Mbona ina moto hivi?" nikasema. Kijana akasema zote zenye nguvu ndivyo zilivyo. Ami akacheka akanipiga bega. "Wallahi Asya, gari lenye injini kubwa lisipate moto? Huo moto ndio nguvu yenyewe." Nilimwambia Nassor kwenye simu kwamba ina moto. Akasema, "Ndiyo hiyo. Ichukueni."

Miezi iliyofuata siwezi kuieleza bila ya kuionea wivu. Nassor alikula. Alitukana madereva wa kwenye kioo kwa Kiswahili na Kiarabu, akanyoa ndevu, akaanza kuniuliza habari za chuo. Wageni wa Alasiri walikuja kumwonea huruma wakabaki kumtazama akiendesha, na wazee waliokuwa wakisema "la hawla" wakawa wanasema "Pita kushoto! Shuf, shuf, tazama, huyo anakubana!" na kahawa inapoa. Mama peke yake hakutaka kutazama. Kila breki ilipolia alikaza mkono kwenye mwiko. Lakini siku moja nilimkuta amesimama mlangoni na pazia mkononi, anaangalia lile gari likiteremka mlima kwa kasi, na midomo yake inakwenda. "Punguza mwendo, baba," alikuwa akisema. "Punguza mwendo." Nassor alimsikia. Akapunguza. Magari mengine yote yakampita, na yeye akaenda pole pole mpaka mwisho wa njia, akawa wa mwisho.

Kulikuwa na udhia mmoja tu. Blangeti la Mama. Laptop ikikaa juu yake matundu ya chini yanazibika, hewa haipiti, na mashine ikishapata moto wa kupita kiasi inajizima yenyewe katikati ya mbio. Nassor alikasirika mara kadhaa, kisha akaugundua ufumbuzi: wageni wakitoka analivuta blangeti pembeni, na laptop anaiweka juu ya mapaja yake juu ya kikoi chepesi, ikiinuliwa kidogo kwa mkunjo wa miguu ili hewa ipite. Akiwa peke yake haikuzimika tena. Alifurahi mno kwa kugundua vile, na sisi tulifurahi pamoja naye. Wageni wanapobisha hodi Mama anaiinua laptop, anamfunika, anairudisha. Jambo la kawaida kabisa, la kila siku, nililiona kwa macho yangu na sikuliona.

Ilikuwa Alkhamisi, mchana. Nilikuwa ndiyo nimefika kutoka Nizwa, na Mama alikuwa anapika boko boko, chakula kinachotaka mkono usitoke kwenye mwiko, kikishika chini kimeharibika. Nikasikia harufu. "Mama, umeunguza," nikasema. Akaingiza mwiko mpaka chini ya sufuria, akaonja, akasema, "Sikuunguza mimi." Tukatazamana. Kutoka sablani gari lilikuwa linanguruma na Nassor anashangilia. Nililifunua pazia. Alikuwa amekaa wima, uso wake unang'aa, mikono yote miwili kwenye vitufe, na chini ya ile mashine kikoi kilikuwa kimegandana na nyama yake. Nilipoinyanyua alikuwa bado anaangalia kioo. Mama alilivuta lile blangeti la maua akamfunika, kana kwamba wageni wapo mlangoni.

Hospitalini daktari alikuwa mama wa Kisudani, mpole, mwenye kuchoka. Alitueleza kwamba mguu usiohisi hauwezi kukukataza, kwamba moto ule si lazima uwe wa kuwaka, unatosha kukaa tu muda mrefu, na kwamba ngozi ya mtu wa kulala kama yeye huungua haraka na hupona kwa taabu. Kisha akauliza, bila ya ubaya wowote, "Kwa nini hamkuiweka juu ya meza?" Mama alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini hafugi nguruwe. "Meza?" akasema. "Sisi hatuna meza." Nilikaa pale kwenye benchi la ukutani nikaanza kuhesabu. Tulipima prosesa, tulipima kadi ya picha, tulihesabu feni, tulimdanganya mzee wa watu kwa hila njema, tulizunguka maduka, tuliijua ile mashine ndani na nje. Katika watu wote walioingia sabla ile, na nusu ya Ibra iliingia, hakuna aliyewaza mbao na miguu yake. Tungewazaje? Kitu hakikuwemo ndani ya nyumba, kwa hivyo hakikuwemo vichwani mwetu.

Kidonda kilikataa kufunga. Walimchukulia ngozi kutoka mahali pengine wakampandikiza, kidonda kipya kikaota mgongoni kwa kulala, na Nassor akakaa hospitali mpaka joto likapita na baridi ikaingia. Mimi nilikwenda kwa seremala na kumchorea meza nyembamba yenye miguu mirefu, ya kupita juu ya mapaja ya mtu aliyekaa kitandani bila ya kuyagusa, imara ya kubeba jiwe la kusagia. Niliileta nyumbani wiki aliyorudi. Niliipitisha juu ya miguu yake, ikakaa sawasawa, wala haikutikisika. "Laptop iko wapi?" nikauliza. Mama alikuwa akikunja nguo. Akasema Ami Khalfan ameichukua. Kaipeleka wapi? "Sijui wala sitaki kujua. Kitu kimemla mwanangu nyama, unataka nikiweke ndani?" Nikapiga kelele, nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia, kwamba kile kitu ndicho kilichomlisha mwanawe, na kosa lilikuwa la meza na meza hii hapa. Mama alitoka na nguo zake, na nikasikia mlango wa chumba chake unafungwa.

"Muache," Nassor akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya Alhamdulillah. Nikakaa kwenye zulia na kumwambia nitamtafutia nyingine, nitakwenda Nizwa, nitakwenda Muscat, tutaiweka mezani na haitamgusa. Akatikisa kichwa. "Mama hatalala usingizi, Asya. Kila nikiiwasha ataingia kunifunua." Akaiweka mikono yake juu ya ile meza, akaipapasa mbao taratibu. "Halafu na wewe usiusumbue moyo wako. Mikono yangu mizima. Nilikuwa nikiusikia ule moto." Sikumwelewa. Nikamuuliza alikuwa akiusikia vipi na asiseme. "Ile njia ya mlimani ni ndefu, na ile siku nilikuwa sijagonga popote," akasema. "Nilikuwa nimekaribia. Nikasema nikifika tu, nitaizima."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Watu wa msibani wamenipa pole kwa kusema aliishi miaka mingi, na wanasema kwa nia njema. Alikula alichopewa, hakukataa tena. Walimwekea televisheni ukutani na mara nyingi sauti aliizima. Mama alizeeka akimgeuza, na alipokufa Mama tukaajiri mtu wa kumgeuza. Watoto wangu walikua mbele yake na laptop zao, nyepesi, zenye nguvu mara nyingi zaidi ya ile, wakamwita, "Mjomba Nassor, njoo ujaribu, ni magari!" naye akawaambia macho yake yamechoka. Hakutaka kitu tena. Hilo ndilo ninalolijua mimi kuhusu kaka yangu na ambalo hakuna mwengine aliyekaa matanga yake anayelijua: kwamba alitaka kitu mara moja, tukampa, kisha tukamwondolea.

Jana, matanga yalipokwisha, tuliingia mimi na Seif kuisafisha sabla. Kitanda walishakitoa. Meza ilikuwa kwenye kona, na juu yake dele la kahawa na vikombe, kama ilivyokuwa miaka yote, kwa sababu wageni waliizoea na anayemimina hakulazimika tena kuinama. Seif aliiinua upande mmoja kuona uzito wake. "Meza ya ajabu hii," akasema. "Miguu mirefu, katikati tupu. Ilitengenezwa kwa kazi gani?" Nikamwambia ilitengenezwa kwa Nassor. Akauliza Nassor alikuwa akiitumia kufanyia nini. Nikachukua kitambaa, nikainua dele, nikafuta alama ya duara ya kahawa chini yake, na Seif akawa bado ananisubiri nimjibu.